Besi Niliyoidhani ni Mvua

Jumamosi, tarehe kumi na sita ya mwezi wa tano. Ukungu tangu asubuhi juu ya Kingi yote, kisha saa saba jua dogo lisilokausha hata shuka.

Ninaandika nikiwa na hasira, na ninaandika upesi, sababu ninajijua. Hasira yangu ikipoa ninaanza kuwatafutia watu wote haki zao, mupaka ninabaki mimi peke yangu mukosefu. Nilisoma mupaka mwaka wa ine wa primeri tu, basi unisamehe, weye rafiki utakayesoma, pale maandiko yanapokwenda upande.

Asubuhi vijana wa korale walituita sisi wazee kanisani, tusikilize vyombo wanavyotaka kununua. Walipanga chini bafle mbili nyeusi za kutolea sauti, mikro, na gitare-besi ya nyuzi ine. Sina neno juu yao, walitupokea kwa heshima. Kisha akasimama mutoto wa Kapita, Kapita aliyeongoza muziki wa kijiji wakati wa utoto wetu. Mutoto huyo sasa ni muzee kama mimi, anatembelea fimbo, lakini mudomo wake haujazeeka. Akawaambia, "Mufungue macho, watoto. Musituletee Nzi mu Chupa wa pili hapa." Wakamuuliza huyo ni nani. Akawasimulia, akafanya na sauti ya nzi kwa meno, na kanisa likacheka.

Nzi mu Chupa alikuwa baba yangu. Mimi nilikuwa benchi ya tatu, upande wa wamama. Nikachukua mwavuli wangu, nikatoka.

Sasa kaa, rafiki, nikuambie namna ilivyokuwa, kadiri ninavyokumbuka.

Ilikuwa miaka michache nyuma ya uhuru. Wazungu wengi wa mashamba ya chai walikuwa wamekwenda, na makasha yao matupu ya majani ya chai yalibaki kila nyumba. Kwa wengine lilikuwa kiota cha kuku, kwa wengine kabati ya nguo. Papa yeye alitoboa lake tundu, akasimamisha fimbo, akafunga waya mumoja wa breki ya baiskeli, na hiyo njo ilikuwa besi ya muziki wetu. Alikuwa mulimaji wa maharagwe kama kila mutu. Lakini siku ya Mungu kisha ibada, akiweka muguu juu ya kasha na kuvuta ule waya, sauti uliisikia ndani ya tumbo mbele ya kuisikia ndani ya masikio. Mama alikuwa akipepeta maharagwe anajikuta anapepeta kwa mwendo wa Papa. Nyanya, mama wa Papa, alisema kila mara, "Gitare inaita watu, lakini besi njo inawaweka."

Muziki ulikuwa na watu watano. Mukubwa wao tulimuita Kapita, sababu alikuwa kapita wa wafanyakazi katika shamba la chai, na namna ya kuamuru haikumutoka. Ninataka kusema kweli juu yake. Alikuwa na sauti nzuri ya kuimba, na yeye njo alipata mawazo ya kulima shamba la muziki. Kijiji kizima tulifanya salongo, kazi ya wote, pale kila Alhamisi, watu wazima na jembe, sisi watoto kuokota mawe, na maharagwe ya misimu miwili yote yakawekwa kando kwa ajili ya vyombo vya umeme. Kwa hiyo vile vyombo havikuwa vya watu watano. Vilikuwa vya mikono yetu wote.

Muuzaji alitoka Goma na kamioneti yake, akatandaza vitu mbele ya duka la Kingi. Gitare-besi zilikuwa mbili, moja nyekundu yenye kung'aa, moja ya kahawia yenye alama za kutumiwa. Kapita na wenzake wakaenda moja kwa moja kwa ile nyekundu. Papa akaziinua zote mbili, akafunga jicho moja akatazama shingo zao kama mutu anayetazama kama mupini wa jembe umenyooka. Kisha akaweka taya yake juu ya mbao ya ile ya kahawia, akapiga uzi na kidole gumba, bila umeme. Watu wakacheka.

"Kaka, unataka kuikula?" Kapita akauliza.

"Nyekundu inaimba ku ngozi tu," Papa akasema. "Hii inaimba ku mufupa."

Wakamuachia, maana yeye njo mupigaji. Wakachukua ya kahawia.

Shida ilikuwa sauti itoke wapi. Muuzaji alikuwa na ampli moja ya kutumia batri ya gari, na mahali pa kutolea sauti pawili. Kulikuwa bafle, sanduku la mbao zito kama kabati, lenye kitambaa mbele. Na kulikuwa oparlere ya bati, ya mudomo mupana kama ua, kama zile za kutangazia watu kwenye mikutano. Maharagwe yetu yalitosha kwa kimoja.

Sasa unielewe, sisi ni watu wa milima. Wakati ule mutu akitaka kumuambia jirani yake wa ng'ambo kwamba ng'ombe amezaa ao mutu amekufa, alisimama ukingoni akapaza sauti, na yule wa ng'ambo akisikia alipandisha jembe ao kikwembe juu, kusema, imefika. Sherehe isiyosikika ng'ambo ilikuwa sherehe ya watu wa nyumba tu. Basi Kapita akasema vyombo vipimwe kama mutu anavyopimwa. "Kinachovuka bonde njo chetu." Hakuna aliyekataa. Papa naye hakukataa, na hilo lazima niliandike.

Nikatumwa mimi. Nilikuwa na miaka kama nane, labda tisa, na masikio yangu yalikuwa yanajulikana. Nilishuka bonde, nikavuka maji, nikapanda mupaka shamba la Nyanya upande wa pili, na kikwembe cha Mama begani. Walikuwa wadogo kama sisimizi mbele ya duka. Tulipatana kwamba Kapita atapunga kofia mara moja kwa bafle, mara mbili kwa oparlere, na wote watapiga na kuimba.

Akapunga mara moja. Nikangoja. Wimbo sikuusikia. Nilichosikia kilikuwa kama ngurumo ya chini sana, nyuma ya milima, upande wa Walikale ambako mvua yetu inatoka. Nikatazama juu, nikawaza maharagwe ambayo Nyanya alikuwa ameanika. Kikwembe sikukipandisha.

Akapunga mara mbili. Na palepale sauti ya Kapita ikanifikia wazi, neno kwa neno, na gitare ndogo juu yake kama matone. Nikashangaa mupaka nikacheka peke yangu. Nikapandisha kikwembe mikono miwili.

Hivyo njo oparlere ilichaguliwa. Wanasema muuzaji aliwaambia kwamba ile ya bati ni ya maneno na sanduku ni la kuchezea muziki. Wengine wanasema hakusema kitu. Nilikuwa ng'ambo, siwezi kuapa.

Kazi ya kwanza ilikuwa ndoa kule Ngungu. Tulienda kwa miguu, ampli juu ya kichwa cha mutu, batri juu ya kichwa cha mwingine, na njia ilikuwa matope mupaka magoti. Wakafunga oparlere juu ya muti wa avoka. Kweli milima yote ilisikia, watu walishuka kutoka pande zote kama siku ya soko. Lakini chini pale uwanjani, sauti ilikata masikio, na besi ya Papa ilitoka nyembamba, inalia zzz, zzz, kama nzi aliyefungiwa ndani ya chupa. Niliona miguu ya watu. Walianza, wakaacha, wakaanza tena. Mutu hakujua muguu auweke wapi. Shangazi wa bibi-arusi, mama munene mwenye kasiksi, pombe ya ndizi, mukononi, akasema kwa nguvu, "Ule Papa wa nyuma anapiga muziki ao anajikuna?" Wakacheka. Mwingine akasema, "Ni nzi mu chupa, mumufungulie."

Papa akazidi kupiga kwa nguvu. Jasho lilimuingia machoni. Kadiri alivyozidi, nzi naye alizidi.

Kisha Kapita akasimamisha muziki. Angeweza kusema, ngojeni tutazame chombo. Hakusema hivyo. Alisema ndani ya mikro, na oparlere ile ile ikavusha maneno yake mabonde yote ya Ngungu, "Mutusamehe, wapenzi. Vidole vya huyu kaka vilizoea kasha." Akatoa besi shingoni mwa Papa kama unavyomuvua mutoto nguo, akamupatia mutoto wa dada yake yeye Kapita. Mutoto wa dada yake alipiga, na nzi alikuwa yuleyule, lakini sasa kasiksi ilikuwa imezunguka, na watu walikuwa wamepata wa kumucheka, wakatosheka.

Bado ninaona vidole vya Papa vimeshika hewa.

Asubuhi mbili kisha pale tulikuwa tunapalilia, mimi na yeye tu. Akasimama, akaegemea jembe.

"Mutoto wangu, ile siku ulikuwa ng'ambo. Besi yangu uliisikia?"

Rafiki, hapa njo pahali hasira yangu inanigeukia. Sikuwa nimeisikia. Ndani ya oparlere hapakuwa hata chembe ya besi. Lakini nilimuona uso, nikataka kumupa kitu kizuri. Nikasema, "Ndiyo Papa. Niliisikia muzuri sana, kuliko vingine vyote."

Akatikisa kichwa polepole. Akatazama vidole vyake, upande wa juu, upande wa ndani.

"Basi chombo ni kizima," akasema. "Ni mimi."

Akarudi kulima.

Kisha msimu mwingine wa maharagwe Kapita alipeleka oparlere Goma kwa fundi, sababu nzi alikataa kutoka. Fundi akamucheka. Akamuambia bati haipitishi sauti za chini, hata apige malaika. Wakabadilisha, wakaleta sanduku. Siku ya kwanza walipolipiga mbele ya duka, mimi nilikuwa shambani kwa Nyanya, ng'ambo, ninang'oa magugu. Nikasikia ile ngurumo ya chini, nikatazama juu. Mbingu ilikuwa safi. Nikaketi chini katikati ya maharagwe. Haikuwa mvua. Ile siku ya kwanza, ilikuwa Papa. Alikuwa amevuka bonde, na mimi nikawaza maharagwe ya kuanika.

Kapita alikuja kwetu na kibuyu cha kasiksi. Sasa desturi unaijua. Mutu akikutukana mbele ya watu, anakuja kunywa nawe mbele ya watu, mirija miwili ndani ya kibuyu kimoja, majirani wakitazama. Yeye alipita njia ya nyuma, ndani ya migomba, kama mutu anayefuata choo. Nilikuwa ninamenya mihogo, nikasikia yote.

"Ilikuwa ile machine, kaka. Haikuwa weye."

"Utasema vile ku soko?"

"Mambo iliisha kupita. Tuyafufulie nini? Kijana naye amekwisha kuzoea besi, unajua vijana."

Nilingoja Papa amusukume. Papa alichukua murija, akakunywa. Ninamukasirikia kwa ule murija mupaka leo, na ninajua sina haki. Labda alichoka. Labda aliona mutu aliyekuja kwa njia ya migomba ni bora kuliko yule asiyekuja.

Jina halikutoka. Watoto waliliimba nyuma yake njiani. Akaanza kwenda Pinga, kupeleka maharagwe na kuleta mafuta ya mawese, siku nyingi za miguu ndani ya pori. Kwanza alikawia wiki mbili, kisha mwezi, kisha misimu. Mama alisema ni biashara, na kweli biashara ilikuwa, tulivaa, nililipiwa shule. Lakini muchuuzi mumoja alituambia kwamba kule Pinga kuna Papa anapiga kasha la chai mbele ya duka, na watu wanacheza mupaka vumbi linafunika nyumba. Kule hakuna aliyemuita nzi. Alizikwa kule. Kaburi nililiona mara moja tu.

Shamba la muziki leo ni malisho ya ng'ombe wa mutu nisiyemujua. Hakuna anayepaza sauti ng'ambo, watu wanabonyeza simu. Kasha la Papa alilotuachia nyumbani, Mama alilipasua, akalipikia. Kilichobaki kizima ni lile jina, na lile si lake.

Nilipofika hapa niliweka kalamu chini. Nikarudi kanisani. Vijana walikuwa wangali wanajaribu bafle, na mutoto wa Kapita alikuwa pale. Nikaomba mikro. Sijawahi kushika mikro. Nikasema yote niliyokuandikia, oparlere, fundi, njia ya migomba. Nikasema na uongo wangu wa shambani.

Mutoto wa Kapita akasema, "Mama, mimi sikujua. Baba hakutuambia." Nikamuamini, na hilo lilinikasirisha zaidi, sababu nilikuwa nimekuja na maneno mengine tayari.

Msichana mumoja wa korale, yule wa besi, akauliza kwa adabu, "Mama, na weye miaka yote hii ulikuwa unangoja nini?"

Bafle zilikuwa zinavuma polepole, watu wote wakiningoja. Nikamurudishia mikro.

Mutoto wa Kapita alinisindikiza kwa njia kubwa, katikati ya watu, fimbo yake na mwavuli wangu, mupaka mulangoni kwangu. Nikamukaribisha akaingia. Mukamwana, muke wa mutoto wangu, alikuwa amepika bugali ya mihogo, sombe ya majani yake, na samaki ndogo za kukauka. Tulikula watatu ndani ya sahani moja, mulango wazi.