Somo Yangu Anataka Niikane Kanda Yangu Mbele ya Mwanangu

Admin, jina langu lifiche, ila Temeke usiifiche, maana mimi ni mtoto wa Tandika na sioni haya. Nina miaka hamsini, mume ninaye, watoto watatu. Mkubwa, Zuhura, anaolewa mwezi ujao, na harusi hiyo ndiyo iliyofukua mambo ya zamani. Nyie wasomaji, someni mpaka mwisho kabla hamjanitukana.

Miaka ya tisini, redio za watu binafsi zilipoanza, vijana wa Dar wote tulitaka kurap, tena kwa Kiingereza cha kubabaisha, juu ya midundo ya Wamarekani. Mimi nilikuwa narap na kijana wa jirani, Side, fundi wa kinanda na gitaa. Siku moja nikamwambia, "Side, sie tunaiga mpaka kikohozi. Kwa nini tusitie vya kwetu?" Akacheka sana. "Vya kwetu vipi, sista? Utarap na kanga?" Nikamjibu ndiyo, na kanga.

Tukarekodi albamu nzima, nyimbo nane kwenye kanda moja, katika studio ya uchochoroni Kinondoni. Naanza kwa kurap, kiitikio naimba kwa madaha kama mwimbaji wa taarabu, halafu Side anaingiza gitaa la dansi. Wimbo wa mwisho ndio uliozua kasheshe. Nilichukua mdundo niliousikia nikiwa mwali, ule ambao kungwi anaimba na wanawali wanaitikia, nikaupiga mwenyewe kwenye ndoo ya plastiki. Maneno yalikuwa yangu yote, ya msichana anayesema mume atamchagua mwenyewe. Neno la unyagoni sikulitoa hata moja. Nalisema wazi kwa sababu mpaka leo kuna watu wanaapa kwamba nililitoa.

Kanda ilipotoka ikakosa mwenyewe. Mtangazaji mmoja aliisikiliza akatuuliza, "Sasa hii niipige kipindi gani? Taarabu siyo, dansi siyo, rap nayo siyo." Vijana wenzetu kwenye disko la mchana wakatuzomea, eti tumewaletea ngoma za mama zao. Side alivunjika moyo. Mimi ndiyo kwanza kichwa kikawa kigumu. Nikaisambaza kwa wauza kanda Kariakoo na kwa mama mmoja wa Mtoni aliyekuwa akikodisha muziki wa harusi. Wanawake wakaipokea. Ikawa ukipita mtaa wenye turubai la shughuli, unausikia wimbo wa ndoo.

Ndipo ukamfikia somo yangu. Kwa wasiojua mambo ya pwani, somo ni yule mama anayekufunda ukivunja ungo. Huyu alinishika mkono siku ninalia kwa woga, na nilimpenda kuliko hata mama zangu wadogo. Alikuja nyumbani na wenzake wawili. Nikamwamkia, "Shikamoo somo." Hakuitikia. Akaniwekea kanga mpya mapajani, akageuka, akaondoka. Nikaifunua nikasoma: YA NDANI HAYATOKI NJE.

Kwetu mtu akikupa kanga kama hiyo, amekusema mbele ya watu bila kufungua kinywa. Unatakiwa uifiche sandukuni, halafu utafute mtu mzima akakuombee radhi. Mama alinisihi, "Mwanangu, nenda kapige magoti yaishe." Iliniuma, jamani. Nililia mpaka macho yakavimba. Lakini nipige magoti kwa kosa lipi?

Jumamosi iliyofuata tulikuwa na shoo kwenye ukumbi mmoja hapo Temeke. Nikapanda jukwaani nimejifunga kanga ile ile, maandishi yake yanasomeka vizuri kwa nyuma. Nikashika ndoo yangu. Kina mama waliokuwa wamesimama mlangoni kuchungulia ndio walioanza vigelegele, wakaingia mpaka mbele, wakaitikia kiitikio kama tuliorekodi pamoja. Somo alipopata habari akaapa kwamba mguu wake hautakanyaga nyumba yangu. Kiapo hicho amekishika mpaka leo.

Kinachonichekesha, kikundi chake mwenyewe wanaucheza wimbo huo kwenye kicheni pati. Nimewasikia kwa masikio yangu. Ila ukiwauliza ni wa nani, wanasema ni wa zamani tu.

Sasa Zuhura anataka afundwe na bibi huyo huyo, maana mtaani kwetu bado anaheshimika kuliko makungwi wote. Amekubali, lakini kwa sharti: siku ya kumtoa mwali, nisimame mbele ya wanawake wote, niseme kanda ile ilikuwa upotovu, niombe radhi. Nikikataa haji, na wenzake hawaji.

Zuhura amenililia. "Mama, si maneno tu? Yaseme yaishe. Wewe ushaimba ya kwako, mie siku yangu ni hiyo moja." Ni kweli siku ni yake, na nampenda. Nikaingia chumbani kwangu nikakaa kitandani. Lakini nawaambia nyie kile ambacho yeye sikumwambia. Huyo kijana anayemwoa, mume wangu hakumtaka. Zuhura alisimama sebuleni, akamtazama baba yake usoni, akasema, "Baba, mume nimeshamchagua mwenyewe." Hakuna aliyemuuliza maneno yale aliyatoa wapi. Amelala kwa wimbo ule tangu mchanga, mgongoni kwangu.

Kanga bado ninayo. Jana nimeitoa, nimeifua, nimeipiga pasi. Siku hiyo nitaivaa, hilo wala msinishauri. Nishaurini jambo moja tu: nikisimama mbele ya somo yangu na mwanangu akinitazama, niombe radhi, au niombe ndoo?