Bomu la Thelathini

Ukitaka kumuudhi Horace Dowse, mwambie kuunda vindege vya plastiki ni mchezo wa watoto. Mzee huyo alikuwa fundi wa mabango. Kila jina la duka ulilolisoma Horncastle, mji mdogo wa Uingereza, kuanzia kwa muuza nyama hadi kwa muuza viatu, lilitoka mkononi mwake, na mkono wenyewe haukuwahi kutetemeka. Alipostaafu aliuhamishia ufundi wake kwenye kibanda cha nyuma ya nyumba, na huko hakuvumilia utani.

Vuli ile ya mwaka 1984 alikuwa anaunda mfano mdogo wa Lancaster, ndege ya mabomu ya wakati wa vita. Si Lancaster yoyote tu. Ilikuwa ile yenye herufi K ubavuni, aliyoihudumia mwenyewe kwenye uwanja wa ndege za kivita alipokuwa fundi kijana, mpaka usiku mmoja wa Machi 1944 ilipoenda Ujerumani na watu saba isirudi. Mpiga bunduki wa mkiani aliitwa Len Epton. Aliyeagiza kazi ni Enid, dada yake Len, mwalimu mstaafu, aliyetaka ndege hiyo iwekwe kanisani Jumapili ya kuwakumbuka waliokufa vitani, chini ya jina la kaka yake.

"Sitaki madoido, kaka Horace," alimwambia. "Nataka iwe vile vile ilivyokuwa ilipoondoka."

Maneno hayo ndiyo yaliyomnyima raha. Kazi nyingine ilikwenda yenyewe. Aligandisha mabawa, akaziba nyufa, akapiga msasa mpaka kiungo hakisikiki kidoleni. Tumbo akalipaka jeusi lisilong'aa, mgongo kijani na kahawia. Hata masizi ya injini moja ya kushoto, iliyokuwa ikitoa moshi kuliko nyingine, aliyakumbuka na kuyapaka kwa unga wa mkaa. Kilichobaki ni mabomu.

Uwanjani kulikuwa na desturi. Kila ndege iliporudi salama, mafundi wa chini, wale wasioruka nayo, walichora bomu dogo la njano chini ya dirisha la rubani. Ikirudi, si kabla. Picha aliyokuwa nayo Enid ilionyesha mabomu ishirini na tisa, na wote waliojali mambo hayo waliamini ni ishirini na tisa. Horace peke yake alijua yalikuwa thelathini.

Safari thelathini zilimaliza zamu ya wale watu saba wa ndege. Baada ya hapo watu walirudishwa kupumzika. Mchana wa siku ile ya mwisho, Horace na kiherehere chake cha ujana alipanda ngazi na kuchora la thelathini mapema, ili awachekeshe. Rangi ikiwa bado mbichi, Len akatokea kwa baiskeli, skafu shingoni, pua nyekundu.

"Wewe Horace una wazimu," Len alisema. "Unatuchorea safari ambayo hatujaenda?"

"Si mnaenda leo? Kesho mnakunywa bia, mimi nabaki na ngazi yangu."

"Nilikuwa naelekea kwa daktari. Masikio yameziba, nasikia kama niko kisimani."

"Basi nenda. Watakupa likizo ya ugonjwa, na mkiani watamweka mtu mwingine."

Len alilitazama lile bomu, akacheka. "Nimwachie mtu nisiyemjua bomu langu? Thubutu." Akageuza baiskeli, na kwa daktari hakufika.

Horace hakumwambia mtu. Vita vilipoisha alikwenda kwa kina Epton kutoa pole, na mama yake Len, mwanamke mkavu asiye na maneno, akamkalisha kwenye kiti cha mwanawe. Kila Krismasi akawa anaitwa mezani, anakatiwa mkate wa zabibu na jibini juu. Enid akaanza kumwita kaka. Mama alifariki mwaka 1969, na tangu hapo kila Krismasi Enid ndiye aliyemletea mkate, naye Horace ananunua jibini. Haya, sasa umwambie nini mtu wa namna hiyo?

Alichora mabomu ishirini na tisa kwa brashi ya nywele tatu, kioo cha kukuzia jichoni, safu mbili za mabomu kumi kumi, na ya tatu ya mabomu tisa. Akaweka brashi chini. Siku mbili aliingia kibandani, akaitazama ile nafasi tupu, akatoka. Siku ya tatu akachora la thelathini. Alijiambia ni kwa sababu ya ukweli. Labda. Mimi naona alikuwa amechoka kuubeba peke yake, na mtu akichoka hachagui sana atakayemtwika.

Jumamosi asubuhi Enid alikuja na boksi la keki la kubebea ndege.

"Kibanda hiki kinanuka, mzee. Utakufa humu tukukute umegandishwa na gundi."

"Nikifa hivyo nipake rangi tu, nikae kanisani na ndege yangu."

Enid alicheka, akavaa miwani, akainama. Miaka thelathini na mitano ya kuhesabu watoto darasani haimtoki mtu. Midomo yake ilihesabu.

"Umezidisha moja."

"Sijazidisha," Horace alisema, na akamweleza yote: ngazi, rangi mbichi, baiskeli, masikio, kicheko.

Enid alikaa kwenye kigoda.

"Wiki ile Len alimwandikia mama kwamba masikio yanamsumbua," alisema. "Mama akamjibu. Akamwambia baba yako hakuwahi kukosa kazi kwa sababu ya mafua, usituaibishe. Barua hiyo tulirudishiwa pamoja na nguo zake. Ilikuwa imefunguliwa."

"Enid..."

"Miaka ishirini na mitano mama aliamini ni yeye aliyempandisha Len ndege ile. Alikufa anaamini hivyo, barua iko chini ya mto wake wa kulalia."

"Sikujua habari ya barua."

"Ungejuaje? Lakini ulikuwa unakaa naye mezani kila Krismasi. Ulikuwa unamwona alivyo."

"Niliogopa atanichukia."

"Angekuchukia," Enid alisema. "Angepata mtu wa kumchukia badala ya nafsi yake."

Horace alichukua kiwembe chake cha kukwangulia. Akaisogeza ncha yake hadi kwenye bomu la mwisho. "Nilifute?"

"Usiliguse. Nilisema vile vile ilivyoondoka."

Enid aliiweka ndege ndani ya boksi mwenyewe, akazungushia magazeti ili mabawa yasivunjike, akafunga kamba. Mlangoni aligeuka.

"Asante kwa kazi, Bwana Dowse."

Jumapili ile ya kanisani Horace alikaa kiti cha nyuma kabisa. Watu walimpongeza, wakamshika mkono, wakasema mafundi kama yeye wamekwisha. Enid alipita na koti lake jeusi bila kumtazama.

Desemba ilipofika Horace alikwenda sokoni akanunua jibini, kama miaka yote, kipande cha kuwatosha wawili. Siku ya Krismasi akalikata, akaliweka kwenye sahani, akakaa karibu na dirisha linalotazama barabara. Mkate haukuja.