Mchekaji wa Dirisha la Tatu

Mama mdogo wangu anashona mapazia. Ukimkuta kazini utadhani kitambaa kimemmeza: kimemfunika kuanzia kifuani hadi sakafuni, mashine inanguruma, na kinachoonekana ni mikono inayosukuma na pini alizozibana midomoni. Kwa sababu ya pini hizo hajibu mtu kwa maneno. Anajibu kwa nyusi. Nilipohamia kwake baada ya kupata kazi ya maktaba, niliamini kwamba pini ndizo zinazomzuia hata kucheka. Akichekeshwa huziba mdomo kwa kiganja, mabega yakatikisika bila sauti yoyote, kama mtu anayezuia kikohozi msibani.

Kwa hiyo baba mdogo aliponiambia kuwa mke wake aliwahi kuajiriwa ili acheke, nilidhani ananitania.

"Acheke wapi?"

"Kwenye televisheni. Kwenye Dirisha la Tatu. Wewe ulikuwa hujazaliwa, mama, usijisumbue kukumbuka."

Dirisha la Tatu vilikuwa vichekesho vya kila wiki, na watu wa rika lao wakivitaja hulainika sauti. Kulikuwa na ofisi, na katika ofisi hiyo foleni, na mbele ya foleni dirisha lililofungwa, lenye pazia kwa ndani. Ofisi ilitoa huduma gani, hakuna aliyejua. Watu walichumbiana kwenye foleni, wakagombana, wakanyoana nywele, mmoja akajifungua pale pale na mtoto akapewa nafasi nyuma ya mama yake. Wa kwanza kabisa alikuwa mzee aliyeitwa Namba Moja, ambaye hakwenda hata msalani bila kuacha kofia yake sakafuni imshikie nafasi. Ikafika sehemu ya mwisho, na katika sehemu ya mwisho dirisha likafunguliwa.

Nilimuuliza baba mdogo nyuma ya dirisha kulikuwa na nini.

"Mke wake," alisema bila kusita. "Mke wa Namba Moja, aliyetoka kununua chumvi asirudi. Kumbe ndiye karani. Nililia, sikufichi."

Jirani yetu, fundi viatu ambaye mtaa mzima unamwita Redio kwa kuwa hazimwi, alisikia hayo kutoka kibarazani kwake akaja na kiatu cha mtu mkononi. "Muongo huyo. Kulikuwa na foleni nyingine, upande wa pili, inatazama huku. Nao walikuwa wanangoja sisi tufungue."

Nikampigia mama simu. Mama akasema hakukuwa na mtu, ila kiti kinachozunguka polepole. Halafu akaongeza, "Lakini muulize vizuri baba yako mdogo. Mimi nakumbuka umeme ulikatika pazia lilipoanza kusogea."

"Haukukatika," alisema baba mdogo.

"Ulikatika," alisema Redio. "Ila nilikuwa nimeshaona."

Niliona aibu kumuuliza mama mdogo, maana hapendi kuulizwa. Lakini yeye ndiye aliyekuwa ndani ya studio. Nikasimama mlangoni pa chumba chake cha kazi mpaka nyusi zikapanda.

"Mama mdogo, dirisha lilipofunguliwa, kulikuwa na nini?"

Akatoa pini moja moja, akazichoma kwenye kimto chake cha pini cha kiunoni. "Sijui, mwanangu. Mimi nilikuwa nacheka."

Nilidhani hilo ndilo jibu lote. Jioni yake Redio akaja na habari kwamba kituo kitarudia vichekesho vya zamani kila Jumapili mchana, na kwamba wataanza na sehemu za mwisho, kinyumenyume, kama watu wanaokula kuanzia kitinda mlo. Jumapili ya kwanza ni Dirisha la Tatu. Mama mdogo alikuwa anakunja shuka. Alilikunja, akalikunjua, akalikunja upya. Akasema Jumapili ana mapazia ya kupeleka kwa mteja.

Baadaye tukiwa wawili tu, alinieleza mwenyewe, macho yakiwa kwenye sindano.

Aliitwa studio kushona pazia la dirisha lile. Akiwa juu ya ngazi analitundika, Namba Moja akawa anafanya mazoezi ya kugombana na kofia yake, na yeye akacheka hadi ngazi ikayumba. Mwongozaji akauliza nani huyo. Kuanzia hapo akawa anakaa kwenye benchi nyuma ya kamera pamoja na kinyozi mmoja na mwanamke aliyeuza nyanya, kazi yao kucheka. Hawakupewa hadithi. Walipewa msaidizi wa mwongozaji, kijana mwembamba aliyesimama pembeni na kuwaongoza kwa mkono: kiganja kikiwa wazi, mcheke kidogo, ngumi ikipanda usawa wa uso, mcheke kwa nguvu, mkono ukishuka, kimya.

"Lakini ulikuwa unaona kinachoendelea?"

"Naona, ila sielewi. Walikuwa wanarekodi kwa mahali. Leo yote ya dirishani, kesho yote ya mlangoni. Nimecheka harusi kabla ya uchumba. Nimemcheka mtu akiwa mgonjwa, halafu nikaambiwa huyu ndiye aliyepona juzi. Nikaona bora nisiangalie watu. Nikawa naangalia mkono."

Siku ya mwisho ilikuwa zamu ya dirisha. Mafundi walishakaa pembeni na nyundo zao, wakingoja kuubomoa ukuta wa ofisi. Pazia likasogea. Namba Moja akasema kitu, studio ikawa kimya, na mama mdogo, kama kawaida yake, akawa ameukazia mkono macho. Ngumi ikapanda hadi usoni.

Akacheka. Alicheka kwa nguvu zake zote, na alicheka peke yake. Kinyozi hakucheka, mwuza nyanya hakucheka. Alipogeuka akawaona wanalia. Wote mle ndani walikuwa wanalia, hata mafundi wa nyundo. Na yule msaidizi hakuwa ametoa ishara yoyote. Alikuwa anajifuta machozi.

"Nikakimbia," alisema. "Hata mkasi wangu niliuacha kule. Hawangeweza kurudia, mzee alishasema hiyo anaifanya mara moja tu. Sasa sijui kama walikata sauti yangu au waliiacha. Kama waliiacha, basi nchi nzima ilinisikia nikimcheka mzee wa watu saa ya kuagana. Siku ilipoonyeshwa nilijifanya naumwa, nikalala. Na tangu hapo nikitaka kucheka, kwanza nautafuta mkono. Siuoni. Basi nauziba mdomo."

"Baba mdogo anajua?"

"Anajua nilikaa kwenye lile benchi. Hilo la mwisho hajui."

Hakuwa anajua, ni kweli, na kutojua kwake kulikuwa kumemkalia vibaya. Kesho yake alinisindikiza kituo cha basi, akasema kwamba alipokuwa kijana kulikuwa na kicheko kimoja katika Dirisha la Tatu ambacho alikipenda kabla hajajua ni cha nani. Alipokwenda kuagiza mapazia ya ofisi ya maji na kusikia kwamba mshonaji ametoka kwenye lile benchi, aliona Mungu kamjibu. "Nikaoa kicheko, nikaletewa nyusi," alisema. "Nimesema vichekesho vyote ninavyovijua. Nadhani kuna kitu nilimfanyia, ila sikijui. Wewe unasoma vitabu, hebu niambie."

Sikumwambia. Siri haikuwa yangu, na pia sikuwa na hakika kama nimeielewa.

Jumapili mapazia ya mteja hayakwenda popote. Mama mdogo aliketi karibu na mlango, pazia la kijani mapajani, akipinda upindo kwa mkono. Redio alikuja na kigoda chake, kwa kuwa viti vya watu wengine haviamini. Baba mdogo alikaa usawa wa televisheni kabisa, kama anayetaka kuingia.

Picha zilikuwa za rangi iliyochuja. Namba Moja alikuwa mfupi kuliko nilivyomjenga kichwani. Akagombana na kofia yake, na vicheko vikaja, vitatu, vikipandana. Kimoja kilianza kwa kukwama, kikakwama tena, kisha kikalipuka kama pikipiki baridi.

"Huyo." Baba mdogo aliruka nusu ya kiti. "Huyo ndiye wewe."

Mama mdogo hakuinua macho. "Huyo kinyozi."

"Kinyozi gani?"

"Kinyozi. Mwanamume. Ana ndevu."

Baba mdogo alitulia kama mtu aliyegundua kwamba basi alilopanda linaelekea upande mwingine, na kwamba amelipanda siku nyingi. Redio alianza kusema neno, akaona heri atazame kiatu chake.

"Na wewe ni yupi?" aliuliza baba mdogo taratibu.

Hakujibiwa, maana dirisha lilikuwa linafunguliwa.

Pazia lilisogea. Hakukuwa na mke aliyekwenda kununua chumvi, wala foleni ya pili, wala kiti kinachozunguka. Kulikuwa na karani, msichana wa kawaida, anayekunywa chai. Akaweka kikombe chini. "Nikusaidie nini, mzee?"

Namba Moja alifungua mdomo. Akaufunga. Aliwageukia wenzake wa nyuma, akarudi dirishani, akashika ukingo wake kwa mikono miwili.

"Jamani," alisema. "Nimesahau nilichofuata."

Kimya. Sindano ya mama mdogo ilikuwa imesimama katikati ya upindo. Nilikuwa namtazama yeye kuliko televisheni, kwa hiyo niliona jinsi alivyoinamisha kichwa kabla sauti haijafika, kama mtu anayejua jiwe limesharushwa.

Na sauti ikafika. Haikukatwa. Kilikuwa kicheko kimoja chembamba, kinachopanda, kikifika juu kinakosa pa kukanyaga na kuanza tena chini. Katika kimya kile kilisikika kama kimo humu humu chumbani.

Namba Moja akageuka. Hakuwageukia wenzake wa foleni. Alitazama upande wetu, nyuma ya kamera, lilikokuwa benchi. Mdomo wake ukapanda upande mmoja.

"Na wewe je?" alisema. "Unakumbuka?"

Akangoja kidogo, kama anayetarajia jibu. Halafu akaokota kofia, akaivaa, akatoka. Foleni ikasogea hatua moja. Majina yakaanza kupanda.

"Siyo hii," alisema baba mdogo. "Wameibadilisha."

"Na ile foleni ya pili wameificha wapi?" alisema Redio. "Watu hawa hawaaminiki."

Mama mdogo alikuwa amesimama, pazia limemwangukia miguuni. "Alikuwa anasema na nani?"

Nikamwambia, "Na wewe, mama mdogo."

"Hayo maneno hayakuwepo. Nilikuwa nimeshakimbia." Alinitazama, akamtazama Redio. "Alikuwa amekasirika?"

"Alikuwa anatabasamu," alisema Redio. "Nimeona jino."

"Ule mdomo ulikuwa umepinda. Mtu akikasirika mdomo hupinda. Wewe umeonaje, mwanangu?"

Ningetaka sana kumjibu. Niliona ule mdomo ukipanda, na nikiufikiria leo naweza kuufanya uwe wa mtu aliyefurahi, au wa mtu aliyekatizwa, au wa mwigizaji mzee anayetafuta pa kutokea. Nikasema, "Alikungoja ujibu."

"Ningejibu nini?"

Tulibaki tunaitazama televisheni kana kwamba itarudi nyuma kutueleza. Baba mdogo alikuwa hasikilizi tena. Amekunja uso, anahesabu jambo lake, macho yanakwenda kwa mkewe na kurudi kwenye skrini. Kinyozi, huenda, alikuwa bado hajamtoka akilini. Mwishowe akainua kidole, akasema kwa sauti ya mtu anayefunga kesi.

"Sawa, hayo yote nimeyaona. Lakini yule karani, mumtazame vizuri. Ndiye mke wake. Amepungua tu."

Mama mdogo alipeleka mkono mdomoni. Ukaishia njiani, kwa sababu pazia la kijani lilikuwa limeuzonga hadi kwenye kiwiko. Na sauti ikatoka: nyembamba, inayopanda, ikifika juu ikakosa pa kukanyaga, ikaanza tena chini.

Baba mdogo aligeuka haraka kuitazama televisheni.

Walikuwa wanatangaza sabuni.