Nilipoandikwa Dini ya Serikali

Wenzangu mliokulia Tabora enzi za kwenda shule na ufagio mkononi, bila shaka mnaikumbuka alasiri ya mji ule. Mchanga wa uani umenyunyiziwa maji, unanukia. Mfukoni mna matobolwa, viazi vitamu vilivyochemshwa na kuanikwa mpaka vikawa vigumu kama kokoto. Unamumunya kimoja kutoka shuleni hadi nyumbani, nacho hakiishi. Mbali, upande wa stesheni, behewa linagonga behewa, na mlio unakufikia ukiwa umechelewa, kama kila kitu cha reli.

Baba yangu, Masanja, alikuwa fundi wa mabehewa. Akitoka kazini alikaa kwenye baraza ya jirani yetu, Mzee Nasoro, muuza vitambaa ambaye mababu zake walitoka Omani, wakafuata njia ya misafara, wakachokea hapa kwetu. Mzee Nasoro akishaswali alasiri alitoka na birika la kahawa, na mabishano yakaanza pale yalipoachwa jana. Walibishania jambo moja kwa miaka mingi: kama Mungu yupo.

Baba alisema hajaona ushahidi. Mzee Nasoro alisema hata ratiba ya treni ina mtu aliyeiandika, seuze jua na mwezi. Baba akajibu kwamba ratiba imebandikwa ukutani tangu juzi, ila treni ya Kigoma haijaonekana.

"Kuchelewa si kutokuwepo, Masanja."

"Treni nimewahi kuiona, mzee wangu."

Mzee Nasoro akammiminia kikombe kingine. Mimi na mjukuu wake, Zuhura, tulicheza kombolela kuwazunguka, na maneno yao yalitupitia masikioni kama mvumo wa nyuki.

Kuhusu serikali, lakini, walikuwa kitu kimoja. Baba alisema mkata tiketi wa Kaliua, pale reli inapogawanyika, anakuuliza unakwenda Kigoma au Mpanda, hakuulizi unasali wapi. Mzee Nasoro alikwenda mbali zaidi. Alisema anaiogopa serikali yenye dini hata kama dini hiyo ni yake, maana siku hiyo karani ndiye atakayemfundisha kuswali.

Baba alikuwa na msemo wake: "Mimi ni kama serikali. Sina dini, ila watu wangu wanazo." Na kweli, mama alikuwa Mmoraviani asiyekosa Jumapili. Basi siku mwalimu alipojaza rejista na kuniuliza dini yangu, nikamwambia baba anasema sisi ni kama serikali. Mwalimu yule alikuwa mtu wa haraka. Akaandika: Kabula Masanja, Serikali.

Kwa mwaka mzima nilikuwa muumini pekee wa dini hiyo. Kipindi cha dini kikifika, Wakatoliki waliingia darasa la tatu, Waislamu la tano, Wamoraviani walikaa kwenye veranda, nami nikabaki kumwagilia maua. Wenzangu walinitania, "Kabula, serikali inasali lini?" Nikawajibu, "Sabasaba." Nilicheka nao, lakini maua yale niliyamwagilia kwa machozi pia.

Kisha akaja mwalimu mkuu mpya, akaikagua rejista, akaniambia nirudi nyumbani, nisionekane tena mpaka nije na dini. Mama akataka niandikwe Mmoraviani mara moja, yaishe. Baba akasema mtoto ataamua akikua. Siku tatu nyumba yetu ilinuna, nami nikisikia kengele ya shule kutoka jikoni. Siku ya nne nikaivuka njia hadi kwa Mzee Nasoro, nikamwamkia shikamoo, nikamwomba aniandikishe Uislamu.

Aliweka mkasi chini. "Kabula, mjukuu wangu, unamtaka Mungu au unamtaka Zuhura?"

Nilifikiri kwa uaminifu wote niliokuwa nao. "Zuhura."

Alicheka mpaka kofia ikamdondoka. Kisha akafunga duka mchana kweupe, akamchukua baba, wakaenda shuleni, mimi nyuma yao. Mwalimu mkuu alidhani mzee amekuja kunidai niwe wa darasa la tano. Mzee Nasoro akamwambia, "Mwalimu, ukimsukuma huyu aje kwetu, mimi sitakuwa nimepata muumini. Nitakuwa nimepata mwongo, na waongo tunao wa kutosha."

Mwalimu mkuu alimtazama baba, akamtazama mzee, akafungua mtoto wa meza. Akanipa ufunguo wa kabati la vitabu, nikae nalo kila kipindi cha dini. Elimu yangu nyingine yote, ambayo haina cheti, ilianzia kwenye kabati lile.

Siku hizi vijana wetu hubishania Mungu na serikali kwenye simu. Hoja ya tatu ni tusi, na ya nne, "fulani ameondoka kwenye kundi." Nawaonea huruma. Baba hakuweza kuondoka kwenye kundi. Nyumba zilitazamana, na kesho yake chumvi ingeisha.

Baba alitangulia. Jioni ya maziko nilimkuta Mzee Nasoro barazani peke yake, mbele yake vikombe viwili vimejaa. Nikamuuliza cha pili ni cha nani.

"Tuliahidiana," akasema. "Atakayejua kwanza amletee mwenzake jibu."

"Na asipoleta?"

Akatazama upande wa stesheni. "Kuchelewa si kutokuwepo."

Naye sasa hayupo, na baraza ile imekuwa kibanda cha kutengeneza simu. Juzi nilikuwa najaza fomu kwenye simu yangu. Ilinidai dini kwa alama nyekundu, ikakataa kuendelea. Hapakuwa na mtu wa kufunga duka na kunisindikiza. Nikaiweka simu chini, nikatega sikio upande wa reli.