Makohozi Mazito

Wiki yangu ya kwanza katika maabara ya zahanati moja Homa Bay, mama kutoka Rodi Kopany alileta kikopo cha makohozi ya manjano yenye damu. Nilikishika kwa ncha za vidole, uso nimeugeuza pembeni. Nikajiambia makohozi ni makohozi, nikachota povu jeupe la juu, nikalipaka kwenye kioo na kulitia rangi. Kwenye hadubini sikuona kitu.

Mkuu wangu alichungulia. “Msomi, haya ni mate! Unataka kumrudisha mama wa watu nyumbani na TB yake kwa sababu unaona kinyaa?”

Nikarudia, nikichota yale mazito yaliyovutika kama mrenda. Safari hii vijiti vyekundu, vijidudu vya TB, vilijaa kwenye rangi ya buluu. Mama alianza dawa siku hiyo. Mimi sikuweza kula.