Ukelele wa Nyuzi Nne

Mkono wangu wa kushoto ulivunjika kwenye kifundo siku bodaboda iliponimwaga chini karibu na Base Camp, penye ofisi za kambi yetu ya wakimbizi, Uganda. Plasta ilipotolewa kule Mbarara, vidole vilikuwa vimekauka kama kuni. Daktari akaniuliza nafanya kazi gani. Nikamwambia nalima, nauza maharage sokoni, na napiga gitari katika kwaya ya kanisa letu la Wakongomani, kambini Nakivale. Akasema kulima nitalima. Kuhusu gitari, akainama kuandika.

Jamani, bora angenitukana! Gitari nilifundishwa na marehemu baba yangu, Kivu ya Kusini, nikiwa msichana, na watu wakimcheka eti anamfundisha mtoto wa kike kazi ya walevi. Nyumba tuliiacha, mashamba tuliyaacha, lakini upigaji nilivuka nao mpaka wa Uganda ukiwa kichwani, na hakuna askari aliyeweza kuupekua. Sasa nilikuwa nikijaribu kubana zile nyaya za chuma, maumivu yanapanda mpaka kwapani. Majuma mengi nilisimama na waimbaji nikifungua mdomo tu. Niliogopa kwamba mimi na muziki tumekwisha, basi.

Siku moja nilipotoka hospitalini kwenye mazoezi ya mkono, niliingia duka la Mwislamu mmoja wa Mbarara anayeuza redio na vinanda vilivyokwisha kutumika. Katikati ya spika kulining'inia kigitari kifupi kuliko mkono wangu. Nikacheka kwa dharau.

"Hii ni ya watoto."

"Hapana, nyabo," akasema, akiniita bibi kwa lugha ya kwao. "Hii ni ukulele. Watu wakubwa wanapiga. Waya yake iko plastiki, haiumizi kidole. Shika tu, kushika ni bure."

Nikashika. Shingo yake ilikuwa fupi, mkono haukulazimika kunyooka. Nyuzi nne tu, laini. Nikabana mmoja, nikangoja maumivu, hayakuja. Nikajikaza uso asije akapandisha bei.

Lakini nilipopitisha kidole gumba kutoka juu kwenda chini, nikashtuka. Kwenye gitari, waya ya juu kabisa, ile iliyo karibu na uso wako, ndiyo nene, ndiyo yenye sauti ya kiume. Hapa waya ya juu, ya nne, ililia kwa sauti nyembamba.

"Baba, hii umeifunga vibaya!" nikamwambia mwenye duka.

"Wallahi, nyabo, imetoka kwao hivyo hivyo."

Wauzaji wote huapa. Nilinunua hata hivyo, nikajisemea nitaitengeneza mwenyewe.

Nyumbani nilimkuta mume wangu anachambua maharage. Akaniuliza hicho kitu kinaitwaje.

"Ukulele."

"Ukelele? Mama, ukelele si tuko nao tayari humu nyumbani?" Akacheka mpaka maharage yakamwagika. Nikamrushia kitenge.

Nikakaa kwenye benchi kuirekebisha ile waya ya nne. Nikaishusha, nikaishusha tena, mpaka ikalegea kama kamba ya kuanikia nguo. Ikawa inanguruma tu, haiimbi. Nikipiga akordi, zote mbaya. Jasho likanitoka. Mwisho nikakitupa kigitari kitandani, nikapiga kelele kwamba yule mtu amenidanganya, kwamba hata toto la gitari limenishinda. Nikalia machozi ya kweli.

Mume wangu hajui tofauti ya do na fa. Alijikuna kichwa, akasema polepole, "Lakini baba mukwe alikuwaka anatosha waya ya nne ya gitari, anatia nyembamba pa fasi yake, ilie juu. Ile inaitwaka je?"

"Mi-kompoze!" nikamjibu kwa ukali, kama mtu anayemfukuza kuku.

Halafu nikakigeukia kigitari pale kitandani. Sikio lilikuwa limesikia mdomo.

Mi-kompoze ndiyo namna ya kufunga gitari ambayo kwetu kila mpigaji anaijua. Unaondoa waya nene ya nne, unaweka nyembamba inayolia juu, na gitari inaanza kucheka. Baba alikuwa anachomoa uzi mmoja kwenye kebo ya breki ya baiskeli, anaunyoosha kwa subira mpaka vidole vinatoka damu, apate ile sauti. Na mimi, binti yake, nimeshinda mchana mzima nikihangaika kuiondoa!

Nikaipandisha tena. Sol ya juu, do, mi, la. Akordi ya do inataka kidole kimoja tu, kwenye waya ya chini, chumba cha tatu, yaani nafasi ya tatu kati ya vyuma vya shingo. Ya fa inataka viwili. Mkono ulipata joto, haukuuma. Nikapiga kelele za asante Yesu, hata jirani yetu Mrundi akaja mbio kuuliza kama tumepata ile safari ya wakimbizi ya kuhamia Kanada.

"Zaidi ya Kanada!" mume wangu akamjibu.

Jumapili nilikwenda nacho kanisani. Waimbaji walicheka. "Mama, gitari yako imezaa?" Nikawaambia kucheka si kuimba, washike sauti. Nilianza nikiwa mwoga, macho yote kwenye vidole vyangu, nahesabu kidole kimoja, viwili, kimoja. Soprano wakaingia. Alto wakaingia. Ile waya ya juu ikawa inaruka juu ya sauti zao, na wazee wa nyuma wakasimama wenyewe kucheza.

Tulikuwa tumeshamaliza beti mbili nilipogundua kwamba nimesahau nina mkono mgonjwa. Nililia huku napiga, na sikuona haya.