Geti Lililohamishwa

Shangazi yangu ni mlinzi wa geti la shule. Ng'ambo ya barabara kuna baa inayouza pombe na sigara moja moja, hata kwa waliovaa sare. Zamani aliwafukuza wanafunzi pale kwa makelele tu, bila hata kuinuka kitini. Pombe ilimuulia mume. Hakuwa na mzaha nayo.

Alipeleka malalamiko kila ofisi, mpaka siku moja maofisa wakaja na futi kamba. Wakapima kutoka getini hadi mlango wa baa.

"Mama, umeshinda," wakamwambia. "Baa iko karibu mno na geti. Sheria hairuhusu."

Shangazi alicheka mpaka machozi yakamtoka, maskini wa watu.

Wiki iliyofuata akakuta mafundi wanaziba geti lake kwa matofali. Jingine lilishafunguliwa nyuma ya shule. Mwenye baa, ambaye ndiye mwenyekiti wa kamati ya wazazi, alitoa saruji. Maofisa wakapima upya, wakatia saini. Kila kitu halali. Washenzi wakubwa!

Sasa shangazi analinda huko nyuma. Hawezi tena kuiona baa. Anainusa tu, asubuhi, watoto wanapomwamkia.